Vidole Viwili Chini ya Tepu

Kwa wiki sita daftari la vipimo lilikuwa likimsuta Fundi. Kabla hajaanza mazoezi ya mkono, muuguzi wa kliniki alimpima mkono wa kushoto, sentimita kumi juu ya kiwiko, akapata thelathini na moja na nusu. Tangu aanze, dada yake ndiye aliyempima kila Jumatatu katika chumba chao cha kushonea, maana mtu hawezi kujizungushia tepu kwa mkono mmoja. Namba haikushuka chini ya thelathini na tatu hata mara moja.

"Si nilikwambia?" dada mtu alisema. "Mkono mgonjwa, wewe unaupeleka jeshini. Mashine niachie mimi, mdogo wangu. Wewe kaa na vifungo."

Fundi alikuwa ameshona sare za shule miaka kumi na saba. Kukaa na vifungo kulikuwa kustaafishwa kwa maneno matamu. Mkono ulianza kuvimba mwaka mmoja baada ya operesheni ya titi, ambamo tezi za kwapani zilitolewa. Wakakubaliana kwamba picha ya hospitali ndiyo itakayoamua: ikionyesha mazoezi hayasogezi maji yaliyouvimbisha mkono, anaachia mashine.

Chumba cha picha kilikuwa na kitanda chembamba na kamera bapa, pana kama meza ya kukatia vitambaa, iliyoning'inia juu yake. Daktari wa picha, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, alimchoma sindano mbili ndogo katikati ya vidole.

"Dawa hii ina mionzi kidogo. Itafuata maji ya limfu yanakokwenda, na kamera itaifuata dawa. Nusu saa ya kwanza usisogeze hata kidole."

"Hata kujikuna?"

"Una mkono mwingine, mama."

Picha ya kwanza ilionyesha doa jeusi kiganjani, basi. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa peupe. Fundi aliitazama kama anavyotazama mshono uliokwenda kombo, akitafuta ulipoanzia kuharibika.

"Kwa hiyo hayaendi."

"Umelala kama gogo, yaende na nini? Shika mpira huu. Minya, hesabu tatu, achia. Dakika kumi."

Aliminya mpira mpaka jasho likamtoka puani. Katika picha ya pili mstari mwembamba ulikuwa umetoka kiganjani, ukapita kiwiko, ukazunguka begani na kuishia kwenye tezi juu ya mtulinga.

"Njia kuu ya kwapani imekatwa," daktari alisema. "Maji yamejitafutia njia ya panya. Lakini hayapiti bila misuli kuyasukuma."

"Basi mbona mkono unanenepa?" Fundi akatoa daftari.

Daktari alichukua tepu, akapima. Thelathini na moja.

"Rudia."

Akarudia. Thelathini na moja.

"Nani anakupima nyumbani?"

"Dada. Fundi kama mimi."

"Hebu nipime mimi, kama anavyokupima."

Fundi alimzungushia tepu mkononi, na kabla hajafikiri, vidole vyake viwili vikajipenyeza chini yake. Akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Ni nafasi," alisema polepole. "Usipoiacha, nguo inachanika."

"Mimi sijaagiza nguo," daktari akasema.

Jioni hiyo Fundi alimweleza dada yake kila kitu, kisha akaunyoosha mkono. Dada mtu alizungusha tepu. Vidole viwili vikaingia.

"Toa vidole."

"Nimetoa."

"Dada."

Akavitoa. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akasoma tena. Kisha akaandika thelathini na moja chini ya zile thelathini na tatu zote, na hakuzifuta.

"Wiki sita nakutisha bure," alisema.

"Wiki sita."

Dada mtu akalichukua bakuli la vifungo kutoka upande wa Fundi, akaliweka upande wake.

"Kesho kuna kola arobaini. Umalize kuminyaminya huo mpira wako kabla sijafungua mlango, sitaki kukusubiri."