Sauti ya Mateka

Asubuhi, kabla wenzangu hawajaanza kelele zao, mimi huvaa buti. Ni buti kubwa za kiume, nimezijaza vitambaa kwenye ncha ili zisinivuke, na kazi yangu ni kutembea ndani ya trei ya kokoto huku kipaza sauti kikining'inia karibu na vifundo vya miguu yangu. Natembea polepole, nanyata, nakimbia palepale nilipo. Nikimaliza kokoto nahamia kwenye vigae vilivyovunjika, kisha kwenye beseni la maji. Katika gemu letu la vita, askari yeyote akipita mahali, miguu inayosikika ni yangu. Ndiyo maana kazini wananiita Buti, na mimi naitika.

Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye beseni. Afande alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake cha chai. Huyu ni mstaafu wa jeshi. Bosi alimleta awafundishe wachoraji jinsi bunduki inavyoshikwa na jinsi askari wanavyoingia kwenye chumba wasichokijua.

"Buti, unanyata kama mwizi wa kuku," aliniambia. "Askari mwenye mzigo mgongoni hatembei hivyo. Kanyaga!"

"Nakanyaga, Afande."

"Hukanyagi. Unaiomba radhi sakafu."

Nilicheka, nikainua mguu, na kabla sijaushusha taa zilizimika.

Chumba cha kurekodia hakina dirisha. Giza lake ni giza la ndani ya sanduku. Nilisikia kishindo sebuleni wanakofanyia kazi wenzangu, kiti kikaanguka, mtu akapiga yowe. Kisha mlango wetu ulipigwa teke ukabamiza ukuta, na mwanga mkali wa tochi ukanipiga usoni.

"Chini! Wote chini! Mikono niione!"

Duka la simu la ghorofa ya chini lilikuwa limevamiwa na majambazi mwezi uliopita, na mlinzi wake alipigwa risasi ya paja. Bado damu ilikuwa imeingia kwenye nyufa za kizingiti. Tulikuwa tunairuka kila siku tukipanda kazini. Kwa hiyo sikujiuliza ni nani hawa. Nilijua. Niliona vinyago vyeusi, niliona mtutu wa bunduki.

Mkono ulinivuta chini ya meza. Ulikuwa wa Afande. Alinikinga kwa mgongo wake akitazama mlango, kiganja chake kikarudi nyuma kuniziba mdomo, akawa ananong'ona haraka haraka: "Usipumue, mdogo wangu. Usipumue. Watapita. Watapita tu." Sauti ile haikuwa yake. Wala sidhani alikuwa anaongea na mimi.

Buti nyeusi zilisimama mbele ya meza. Mtu aliinama, akausogeza mtutu mpaka ukanigusa shingoni. Ulikuwa wa baridi. Kiganja cha Afande kililegea, na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Msiniue. Nawaombeni. Mama yangu yuko peke yake."

Nilirudia. Sijui mara ngapi. Sikulia; nilikuwa nasema tu, kwa sauti ya mtoto anayeomba maji.

Taa ziliwaka. Bosi aliingia akipiga makofi, wenzangu wa sebuleni wakimfuata.

"Safi! Safi sana! Mmeniua leo!"

Wale wanaume walivua vinyago. Walikuwa vijana wanaosomea ulinzi, amewakodi. Bunduki zilikuwa za bandia, kishindo cha sebuleni kilitoka kwenye spika. Alikuwa ameficha vipaza sauti chini ya meza, juu ya kabati, nyuma ya pazia.

"Msinichukie," alisema, akimpa kila mtu soda kama aliyetufanyia sherehe. "Wachezaji wetu si wajinga. Ukiwawekea mwigizaji anayelia, wanajua anasoma karatasi. Hofu ya kweli haiigizwi. Na tutarudia, maana nahitaji aina mbalimbali. Siku gani, siwaambii."

Watu walicheka, wengine wakiwa bado wanatetemeka. Nami nilicheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Hapo ndipo nilipomwona Afande. Alikuwa bado amechuchumaa nyuma ya meza, anatabasamu, lakini hasimami. Suruali yake ilikuwa imelowa.

Niligeuka ghafla nikalipiga teke beseni. Maji yalimwagika sakafuni, yakamrukia mpaka kiunoni, yakanilowesha na mimi.

"Ona huyu naye, miguu bado haijui imepona!" alisema Kidole, kijana anayejaribu gemu zetu kutafuta makosa. Wakacheka zaidi. Afande akasimama akikamua suruali yake, akacheka pamoja nao.

Kazi ya kusafisha rekodi ilikuwa yangu. Ni mimi ninayeondoa mvumo wa feni, ninayekata sauti vipande vipande na kuvipa majina ili mafundi wa gemu waviweke mahali pake. Niliketi na vipokea sauti masikioni, nikaikata hofu yangu. *Pumzi fupi. Pumzi ndefu. Mwanamke anameza mate.* Kila nilipofika kwenye maneno, nilisimamisha, nikaenda kunawa uso. Ningeweza kuifuta kimyakimya, lakini Bosi alikuwa ameshachukua nakala yake.

Na wakati wote huo nilikuwa nausikiliza mlango. Mtu akishika kitasa, mgongo wangu unakauka. Aliposema *Siku gani, siwaambii*, Bosi alikuwa anatania, labda. Lakini tangu hapo nilianza kukaa nimeupa mgongo ukuta, na viatu vyangu nilivifunga kamba vizuri, tayari. Kwenye ngazi nikisikia mtu anakuja nyuma, nasimama ubavuni apite kwanza, hata akiwa mama mwenye mfuko wa mboga.

Afande alinikuta hapo ngazini.

"Asante kwa yale maji," alisema bila kunitazama.

"Maji gani, Afande?"

Alitabasamu kidogo. Tulishuka pamoja hatua chache.

"Nataka kumwambia Bosi asiitumie sauti yangu," nilimwambia. "Siwezi kulala."

Alisimama. "Ukimwambia ataisikiliza upya. Ataniuliza nilikuwa namnong'oneza nani. Mwanangu, mimi nimeletwa hapa kuwafundisha hawa watu ujasiri. Nitamjibu nini?" Akashika reli ya ngazi. "Acha tu. Itapita."

Basi nikaacha.

Nyumbani, mama alikuwa kwenye cherehani yake kama kawaida, sare za shule zimejaa kitandani. Tangu baba afariki tunaishi wawili, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Nilipoingia aliudondosha mkasi, na mimi nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya kochi, mikono kichwani.

Cherehani ilinyamaza.

"We mtoto. Una nini?"

"Nimeteleza, mama."

"Umetelezea juu ya zulia?" Aliniangalia kwa miwani yake iliyoshuka puani. "Huko kazini kwenu mnatengeneza nini hasa? Maana ulikuwa unarudi unaniimbia, sasa unarudi unachungulia chini ya kitanda."

"Tunatengeneza mchezo tu."

"Mchezo," alisema. "Haya. Njoo unishikie huu upindo."

Nilimshikia upindo. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile, chini ya meza, sikumwaza Mungu wala mtu mwingine. Nilimwaza yeye na mkasi wake na nani atamtungia uzi kwenye sindano macho yakimshinda. Lakini angeogopa kukaa peke yake mchana kutwa. Nikaendelea kushika kitambaa.

Siku ya kufunga toleo, Bosi alituita wote sebuleni. Kesho yake gemu lingetoka, na baada ya hapo lisingerudishwa. Aliwasha skrini kubwa na spika zote, akazima taa ili tuone vizuri. Nilikaa karibu na mlango. Afande alisimama nyuma, mikono mfukoni.

Kidole ndiye aliyeshika vidhibiti. Kwenye skrini askari wake alipita kwenye korido, na miguu yangu ikamfuata kwenye vigae. Alisukuma mlango. Ndani palikuwa na mwanamke amepiga magoti, mikono imefungwa. Uso wake haukufanana na wangu hata kidogo. Alifumbua mdomo, nami nikasikika sebule nzima:

"Msiniue. Nawaombeni. Mama yangu yuko peke yake."

"Duh!" mtu alisema. "Nywele zimenisimama."

"Subiri," alisema Bosi, anang'aa kwa furaha. "Mguse na mtutu."

Kidole alibonyeza. Askari alimgusa mwanamke shingoni kwa mtutu.

"Mama yangu yuko peke yake."

"Kila ukimgusa anasema?"

"Kila ukimgusa."

Kidole akabonyeza tena. "Mama yangu yuko peke yake." Tena. "Mama yangu yuko peke—mama yangu—mama yangu—" Watu walianza kucheka, kwa sababu ilikuwa inakatika kama mtu mwenye kwikwi.

"Tumekusikia, dada!" Kidole aliiambia skrini. "Tumechoka na mama yako!"

Wakaangua kicheko. Nikamwaza mtu nisiyemjua, chumbani kwake, anabonyeza hivyo hivyo mpaka achoke. Nikamwaza mwingine, na mwingine. Shingo yangu ilihisi baridi ile ile. Nyuma yangu Afande hakucheka. Nilimsikia akivuta pumzi na kuizuia. Sikumgeukia. Siri yake ilikuwa yake, na nisingeitoa mimi. Lakini sauti yangu ilikuwa mikononi mwa Kidole.

Nilisimama, nikawasha taa.

"Bosi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, wakaendelea kucheka. "Bosi!"

Kidole aliacha kubonyeza. Bosi aligeuka akikunja macho kwa mwanga.

"Sema, Buti. Unataka tuipandishe sauti?"

"Hapana."

"Basi kaa, tunamalizia. Kama ni hiyo kukatika, mafundi watairekebisha."

"Siyo kukatika." Nilikuwa nimeshika swichi ya taa bado, kama ningeiachia ningeanguka. Wote walikuwa wananiangalia, na jambo ninaloliogopa maisha yangu yote ni watu wengi kuniangalia. "Niliamini nakufa. Nilikuwa namwomba yule mtu aniache hai, na bado naogopa. Naogopa ule mlango, naogopa ngazi, nakuogopa na wewe. Sitaki mtu yeyote anisikie nikiomba hivyo, na sitaki aniguse kwa mtutu nirudie. Nataka uifute, Bosi, hiyo uliyonayo wewe na hiyo iliyomo humo. Na usituvamie tena."