Sukari ya Marehemu

Dobi alikuwa anakamua shuka la nne msimamizi wa utafiti alipoingia uani, akaruka dimbwi la maji ya sabuni na kutafuta pa kukaa. Kiti hakikuwepo. Akageuza ndoo tupu, akaipangusa kwa leso, akaikalia, kishikwambi mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Si mlisema kupima ni keshokutwa?"

Kila baada ya miaka miwili watu wa utafiti wa afya ya wazee walikuja na masanduku yao, wakawakusanya wazee wa mtaa kwenye ukumbi wa shule. Waliwapima nguvu za mkono na mwendo wa miguu, wakawasomea maneno kumi na kuwataka wayarudie, wakawatoboa kidole. Mwisho kila mzee aliondoka na vipande viwili vya sabuni. Hata dobi alipewa sabuni, na hata yeye alisema asante.

"Leo sikuja kupima," msimamizi alisema. "Nimekuja kuboresha takwimu. Kuna mahali hazikai sawa. Za mzee wako."

"Mzee wangu alishakufa. Mwaka wa tatu huu."

"Pole sana, mama. Na hilo ndilo tatizo. Kwetu yuko hai. Miaka miwili iliyopita alipimwa, raundi ya tano."

"Alipimwa na nani? Malaika?"

Jibu wote wawili walilijua. Yule mdadisi wa zamani, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Fomu, alikuwa na tabia ya kuketi kivulini kwenye kibanda cha soda na kuwajazia watu majibu yao bila kuwasumbua. Alikwishafukuzwa, msimamizi alisema, na sasa walikuwa wanasafisha uchafu wake.

"Angalia ilivyo. Raundi ya kwanza, tisa nukta nane. Ya pili, kumi na tatu nukta mbili. Ya tatu, kumi na sita nukta nne. Ya nne, kumi na tisa nukta moja. Halafu ya tano, ghafla, sita. Mtu hashuki hivyo. Kompyuta ikatushtua."

"Namba za nini hizo?"

"Sukari, mama. Sukari ya damu."

Dobi aliliacha shuka lirudi kwenye beseni.

"Ya mtu mzima mwenye afya inatakiwa iwe ngapi?"

Kwa mara ya kwanza msimamizi aliinua macho kutoka kwenye kishikwambi. "Kabla ya kula, isifike saba."

Mumewe alikuwa fundi saa. Miaka yake ya mwisho alikunywa maji jagi kwa jagi na hakutosheka, akadondosha bisibisi juu ya kidole cha mguu, na kidonda kile kidogo kikala kidole, kikala wayo, kikala mguu hadi gotini. Zahanati ya mtaa haikuwa na kipimo cha sukari. Dobi alimsihi waende hospitali kubwa mapema, akamsihi mpaka wakagombana, na fundi jibu lake lilikuwa moja tu: "Hawa wananitoboa kidole kila miaka miwili. Kungekuwa na kitu wangeninyamazia?" Aliishi kwa vipimo, yule mtu. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kushika kipimo, akakisoma, akakirudisha mfukoni.

"Mlijua," dobi alisema.

"Mama, utafiti si matibabu. Imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Mlitia sahihi."

"Mimi nilitia dole gumba. Hakuna aliyenisomea."

Msimamizi alishusha pumzi kama mtu anayechelewa. "Tumalize hili. Chanzo cha kifo niweke kipi? Kuna moyo, kuna kansa, kuna ajali, kuna uzee."

"Andika: walijua."

"Hakuna nafasi ya hilo."

"Itafute."

Msimamizi akabonyeza uzee, akashukuru, akaruka tena dimbwi. Dobi alitamani kumzamisha kichwa ndani ya lile beseni, na hakujionea haya kutamani hivyo. Alimaliza shuka la nne, akaacha la tano na la sita, akatoka.

Siku mbili alipita nyumba kwa nyumba. Alianza kwa seremala mstaafu anayetetemeka mikono, akamwambia kila kitu, halafu akamfundisha zile namba nne. Hakuhitaji kumbembeleza. Seremala alitazama ncha za vidole vyake, akauliza, "Na yangu ilisoma ngapi?" Kila nyumba waliuliza hivyo hivyo. Bibi wa kona, ambaye siku hizi alimwita binti yake "wewe dada", alichukua asubuhi nzima kuzishika zile namba, na dobi alikaa naye asubuhi nzima.

Siku ya kupima wakaenda wote, thelathini na mmoja, wamevaa nguo safi. Dobi mwenyewe ndiye aliyezifua.

"Mzee, siku hizi usingizi unakuja vizuri?" mdadisi mpya alimuuliza seremala.

"Tisa nukta nane. Kumi na tatu nukta mbili. Kumi na sita nukta nne. Kumi na tisa nukta moja."

"Samahani? Nimeuliza usingizi."

"Nami nimejibu."

Wa pili akajibu hivyo, na wa tatu, na wa kumi. Waliulizwa umri, wakajibu hivyo. Waliulizwa kama wanapata choo. Bibi wa kona aliposomewa yale maneno kumi, alisubiri kwa adabu mpaka yakaisha, akazitaja namba zote nne bila kukosea hata moja, akacheka na jino lake lililobaki. Msimamizi alitoka nje na simu mara tatu. Dobi alimwangalia akitoka jasho, na lile jasho lilimburudisha kuliko maji ya mtungi.

Mara ya nne msimamizi alirudi ametulia.

"Mama, umejichosha bure," alisema, bila hasira yoyote. "Nimeongea na makao makuu. Mtaa huu tunauhesabu kama majibu yaliyokosekana. Kompyuta itajaza."

"Itajaza nini?"

"Kila kitu. Inaangalia wazee wengine wanaofanana na ninyi, inakadiria. Mnavyolala, mnavyotembea, mnavyojisikia. Wewe mbona tayari umeshajazwa, huyu hapa." Akageuza kioo. "Nguvu za mkono, kilo kumi na nane. Hali ya maisha: ameridhika."

"Na yeye?"

"Mzee wako tulishamaliza. Uzee."

Masanduku yakafungwa. Mdadisi akapita akigawa vipande vya sabuni, viwili viwili, na wazee wakabaki wamevishika kwenye mabenchi, hawajui pa kuvitupa. Msimamizi akaweka kishikwambi mezani, akaja kwa dobi na mkono umenyooshwa.

"Tuagane kwa amani, mama. Baada ya miaka miwili tutaonana."

Dobi akaiweka sabuni chini. Akaupokea ule mkono.

"Mama," msimamizi alisema baada ya kitambo. Kisha, "Mama, unaniumiza."

"Kilo ngapi?"

"Niachie, tafadhali."

"Kumi na nane, siyo? Soma, mwanangu. Mkishasoma huwa mnanyamaza. Leo soma kwa sauti."

Mdadisi alisogea hatua moja, akawatazama wazee waliokuwa wanasimama, akarudi nyuma. Bibi wa kona ndiye aliyeanza: tisa nukta nane. Msimamizi alijaribu kukifikia kishikwambi kwa mkono wa pili, vidole vikaishia hewani. Dobi alimtazama usoni. Miaka thelathini na tano alikuwa amefua mashuka ya watu, na mpaka hapo alikuwa ameshika tu. Kukamua alikuwa bado hajaanza.