Muhtasari wa Kikao Ambacho Violeth Hakukaa

...na tena una wino wa rangi mbili, bluu mpaka katikati ya ukurasa halafu mweusi, sasa huo ni muhtasari au ni nini, Violeth alijiuliza, huku baba yake mdogo Bujiku amemnyooshea peni na mkono haushuki, "saini hapo namba saba, mwalimu, tumalizane, Limbu aupeleke mahakamani Jumatatu," tumalizane nini wakati yeye ndio kwanza amefika, hata vumbi la njiani hajapangusa, amewasalimia mwangaluka wakaitikia vizuri tu, wakampa kiti, wakampa karatasi, na hapa Dutwa kwao mtu akikupa karatasi kabla ya chai ujue ana lake jambo... Miaka kumi na tisa anafundisha Kiswahili kule Bariadi mjini, aina za matini anazijua kama njia ya kwenda jikoni kwake, kila andishi lina dhumuni lake, lina umbo lake, lina lugha yake, na ukitaka kumjua mwandishi usimuulize, angalia alichokiruka, ndivyo anavyowaambia wanafunzi, na ujumbe wa Bujiku ulikuwa umeruka kila kitu, "Jumamosi uje nyumbani tuna jambo dogo la mzee," mwaliko gani huo, hauna saa, hauna sababu, jambo dogo! Haya, twende na huu muhtasari wao. Kichwa kipo, Kikao cha Ukoo cha Kumteua Msimamizi wa Mirathi ya Marehemu Masele Mboje, sawa, mahali papo, tarehe... Jumanne. Jumanne! Leo si Jumamosi? Jumanne yeye alikuwa ofisini anasahihisha barua rasmi za kidato cha tatu, sitini na nne, na hawa huku wamekaa kikao cha baba yake mzazi bila yeye, halafu mahudhurio namba saba, Violeth Masele, mtoto wa marehemu, na nafasi ya saini wameiacha wazi kama mlango wa zizi. Na namba moja nani? Mungu wangu. Namba moja, Masele Mboje, marehemu, yupo.

"Limbu," alisema, na sauti ikamtoka ile ya darasani, "marehemu anahudhuriaje kikao?" Limbu ni katibu wa kanisa, ndiye huwaandikia watu pale kijijini, akajikuna shingo, "sasa mwalimu, si ni kwake hapa? Tungemwandika wapi?" "Na mimi? Jumanne sikuwepo." "Mama alisema uandikwe. Alisema wewe ni wa hapa, ukiachwa watu watasema umetengwa," na Bujiku akaitikia kwa kichwa, anaitikia haraka mno huyu, na mama mwenyewe, Kwandu, yuko pale mlangoni kwenye kigoda na ungo wa choroko mapajani, anachambua mawe, haongei, hainui uso, wamemwambia anyamaze, hilo halina ubishi, mama hajui kusoma, mtu asiyejua kusoma unamwekea maneno mdomoni na anayabeba tu... Violeth akaruka kufungua kikao, akaruka sala, akaenda moja kwa moja kwenye maazimio maana huko ndiko wezi wanakojificha, kikao kwa kauli moja kimemteua Ndugu Bujiku Mboje kuwa msimamizi, ehee, ndiyo hiyo sasa, kwa kauli moja ya nani, ya marehemu? Ni lile shamba la barabarani, ekari nne, kila mtu analimezea mate tangu senta ianze kupanuka, na Bujiku tangu siku ya mazishi alikuwa analizungukazunguka, anashika udongo, anasema pamba ya mwaka huu itabeba, pamba wapi, alikuwa anapima kwa macho. Sasa wino. "Hapa mlibadilisha peni kwa nini? Mmeongeza baadaye?" "Hapana," Limbu akasema, "peni iliniishia. Mama aliongea sana siku ile."

Mama? Mama aongee sana? Huyu ambaye kwenye simu ni ndiyo, ni hapana, ni wasalimie watoto? Akarudi nyuma kwenye sehemu nyeusi, hoja za wajumbe, na hapo palikuwa hapafanani na muhtasari wowote aliowahi kuuona, muhtasari unabana, unachuja, hauandiki mtu alivyohema, lakini Limbu alikuwa ameandika vyote, mjane akasema mimi sitaki kwenda Bariadi kukaa kwenye nyumba ya vigae ninasubiri mtu arudi kazini, mjane akasema nikimpa mwanangu habari ananirekebisha, nikisema mgongo unauma anasema sema tangu lini, wapi, kiasi gani, mjane akanyamaza kidogo, mjane akasema mume wangu kalala hapa na mimi nitalala hapa... na Violeth akasikia sauti, akaisikia kabisa, yale ni maneno ya mama, Bujiku hawezi kuyatunga, Limbu ndiyo kabisa, mjane akasema siku ya Pasaka mwanangu aliniletea barua, akasema ni ya kuomba tu, mayu, mama, weka dole gumba hapa, nikamwambia mikono yangu ina mafuta ya samaki. Mikono ina mafuta! Violeth alikuwa amecheka siku ile, akamfutia mama vidole kwa khanga, mama akasema yatatoka kesho, na kesho yake akaenda shambani kabla hakujapambazuka, na yeye akasema moyoni uzee huo, anasahau, akafunga pedi ya wino akarudi mjini, na barua bado anayo, iko humu humu kwenye pochi miguuni pake, anwani mbili, kichwa kwa herufi kubwa, Mimi Kwandu, mjane wa marehemu, naomba binti yangu Violeth awe msimamizi, aya nne zimenyooka, angeitoa darasani kama mfano, na ya nne inasema shamba la barabarani lipimwe liwe viwanja, na hiyo ya nne... hakumsomea. Alimsomea tatu. Ilikuwa jioni, mama amechoka, yeye akasema asimchoshe, ndivyo alivyojiambia, na tena ni kwa faida yake, hospitali iko mjini, umeme uko mjini, sasa mtu wa miaka sabini na moja abaki peke yake na choroko... Alikiruka. Alichokiruka.

"Mwalimu, peni," Bujiku akasema, mkono wake bado haujashuka, mzee wa watu, kucha zina udongo, na Violeth hakuipokea, kulikuwa na mistari mitatu imebaki, mjane akaulizwa na mwenyekiti kwa nini amchague shemeji amwache mtoto aliyesoma, mjane akasema, Bujiku akinidanganya nitajua, maana hajui kuandika. Mwanangu akinidanganya sitajua, atakuwa ameandika vizuri. Mjane akasema hana neno lingine. Violeth akainua macho, mama alikuwa bado anachambua, jiwe huku, choroko huku, lakini jicho moja lilipita juu ya ungo likatua kwenye pochi, likakaa pale, likimchunga yeye, siyo Bujiku, na Violeth akaisoma tena ile mistari, akatafuta kosa la umbo, kosa la lugha, kosa la dhumuni, akakosa, na akajikuta anatamani, kwa moyo wake wote, Bujiku awe mwizi.