Domo, Mwanarusi

Wapimaji wa wachezaji walipofika Msambweni, mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda. Mume wangu Issa alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani. Nyumba yetu imepakana na uwanja wa shule, pale alipokuwa akiwafundisha wasichana mpira wa magongo, na dirisha la chumba changu linautazama uwanja huo. Tangu msiba nilikuwa nimelifunga. Nilibaki na masikio tu.

Issa aliingoja siku ile muda mrefu. Ligi ya kulipwa ya wanawake ilikuwa inaanza, na vilabu vingechagua wachezaji wachanga kwa zamu huko Nairobi. Lakini kwanza wapimaji wapite kila mahali, na asiyependekezwa nao hawezi kuchaguliwa. Issa alikuwa akimwandaa Mwanarusi, binti wa kaka yake, beki wa kati. Baba yake Mwanarusi alikuwa ameshamtafutia kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Akikosa hapa, Jumatatu anaanza kufua.

Asubuhi Mwanarusi alikuja akasimama nje ya dirisha.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula mhogo. Mama mdogo, tumekubaliana na wenzangu. Leo hatutakupigia kelele. Msiba ni wetu sote."

Nikamshukuru, tena kwa moyo mweupe. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mchezo ulipoanza nikashindwa kukaa. Nilifagia chumba, kisha nikakifagia tena. Nikakunja kanga zilizokuwa zimekunjwa. Nilisikia magongo yakigongana, nikasikia kipenga na miguu ikikimbia kwenye mchanga, lakini kulikuwa na kitu kimepungua na sikukijua ni kitu gani. Mama mkwe wangu, Bi Maimuna, alikuwa kitandani akihesabu tasbihi.

"Tulia, mwana. Utachimba sakafu."

"Nimetulia, Mama."

"Umetulia kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Jua lilipokuwa kali wapimaji wakahamisha viti vyao wakaja kwenye kivuli cha ukuta wetu, chini ya dirisha. Hawakujua kuwa ndani kuna watu. Walikuwa wawili: mwanamume aliyeitwa Kalama, ambaye kwa lafudhi yake ni mtu wa huku huku, na mwanamke wa bara, Rispah.

"Namba nne umemwona?" Kalama aliuliza. "Ule mpira ameukata kabla mwenyewe hajaamua kuupiga."

Namba nne ndiye Mwanarusi. Ufagio ukanisimama mkononi.

"Nimemwona. Miguu anayo, akili anayo. Lakini ni bubu."

"Labda ni haya tu."

"Haya apeleke harusini. Beki ndiye anaona uwanja wote. Asipowaita wenzake, mbele wanacheza kama vipofu. Klabu gani itamlipa beki bubu? Mimi namwacha."

"Ngoja kidogo, dada."

"Kidogo tu. Mchezo ukiisha hivi, naondoka. Kuna foleni ya feri Likoni."

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kimepungua. Hakuna msichana aliyekuwa akiita. Issa akiwa hai, watu wa sokoni walikuwa wakilalamika kwa kelele za watoto wale. Yeye mwenyewe alisimama kwenye mstari akipaza sauti, "Domo! Domo, Mwanarusi!" mpaka mama yake akamwambia aone haya kumfundisha mtoto wa kike kuwa na domo. Akajibu kwamba nyumbani atamfundisha adabu, uwanjani anataka domo.

Na sasa adabu ile ilikuwa inamponza mtoto, na ilikuwa kwa ajili yangu.

Nikaenda mlangoni, nikarudi. Mwanamke aliye edani hatoki kwenda kuzungumza na wanaume wageni. Bi Maimuna miguu yake haimfikishi hata uani. Na wapimaji nikiwaambia, wangeona namwombea mtoto wa ndugu.

"Una nini?" Bi Maimuna aliuliza.

"Wanamwacha Mwanarusi. Wanasema ni bubu."

"Bubu? Huyo aliyenitoboa masikio tangu azaliwe?"

"Amenyamaza kwa heshima yangu, Mama."

Tasbihi ikasimama. Alinitazama, akalitazama dirisha, kisha akajigeuza polepole na uso wake ukaelekea ukutani.

"Mimi mzee," alisema. "Siku hizi sisikii vizuri."

Nikajifunika vizuri. Nikalifungua dirisha kiasi cha kupita mkono, nikasimama nyuma ya ubao wake.

"Domo, Mwanarusi! Domo!"

Sauti ilitoka ikikwaruza, maana tangu msiba sikuwa nimeipaza. Chini ya dirisha kiti kilianguka. "Lahaula!" Kalama alisema. Uwanja ukanyamaza hata magongo.

Kisha nikamsikia.

"Sidi, kushoto! Kushoto kwako! Mercy, rudi! Rudi, usinitazame mimi, mtazame huyo! Wewe, umelala?"

Wakapasuka wote, kama mvua ya Mei juu ya bati. Waliitana, waligombana, mmoja alimtukana mwenzake kuwa ni mlegevu kama uji. Na juu yao wote ilikuwa sauti ya Mwanarusi, ikimpanga kila mmoja mahali pake. Kipenga cha mwisho kilipolia, Rispah alikuwa bado hapo.

"Namba nne anaitwa nani?" aliuliza.

"Mwanarusi," Kalama akajibu. "Hata walio ndani wanamjua."

"Basi anakwenda Nairobi. Huko wakimkataa, si kwa ububu."

Nikalirudisha dirisha.

Jioni, tukiwa ukumbini, Mwanarusi alikuja kuniamkia. Alifungua kinywa, shikamoo ikatoka upepo mtupu. Sauti ilikuwa imemkauka. Bi Maimuna alicheka mpaka tasbihi ikamwanguka.

"Sasa ndiye bubu kweli!"

Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka lile neno "domo" lilikuwa la nani, nikaingia chumbani.