Makato ya Uchafu

Asubuhi ya kuvuna, panga la Mbuke lilipata pengo kwenye muwa wa kwanza. Alipoupasua alikuta kila pingili ina dhahabu, nene kama kidole. Akaenda kuazima panga kwa jirani yake, Masele.

"Naona miwa yako imeshika dhahabu mwaka huu, Mama Vumilia," alisema Masele.

"Mvua zilichelewa."

Shamba la Mbuke liko bondeni, nje kidogo ya Buseresere. Zamani lilikuwa la mahindi, mpaka Edson, wakala wa kiwanda cha sukari, alipomhakikishia kwamba muwa hauna hasara. Ni kweli haukuwa nayo, kwa kiwanda. Unakaa ardhini mwaka na nusu, mnunuzi ni mmoja, na hausongwi ugali. Mbuke na binti yake Vumilia walikuwa wanakula mlo mmoja kwa siku.

Miwa iliyokatwa ilisubiri lori juani wiki nzima. Miwa ikisubiri hunyauka, uzito ukapungua, ndiyo maana lori huchelewa. Safari hii dhahabu haikunyauka. Edson aliutazama mzani, akaugonga, akautazama tena.

"Shikamoo mama. Mzigo wako una uchafu."

"Marahaba. Uchafu gani?"

"Sisi tunanunua muwa. Majani, udongo, dhahabu, vyote hivyo ni uchafu. Tunakata."

"Basi nirudishieni huo uchafu wangu."

"Hatuwezi kukuachia takataka shambani, mama. Tutakutupia."

Vijana wa lori walipasua miwa, wakajaza magunia. Edson aliyasindikiza mwenyewe hadi Kalangalala, mjini Geita, kuyatupa. Alikawia kurudi, na aliporudi alikuwa amejenga.

Malipo ya Mbuke, baada ya kukatwa uchafu, usafiri na gharama ya kutupa uchafu, yalitosha debe la mahindi. Alimshukuru Edson kwa adabu, akaenda nyumbani, akalia huku anakoroga uji.

Msimu uliofuata bonde zima lilizaa dhahabu. Wakulima walipeleka malalamiko kiwandani, nacho kikajibu upesi: makato yamepandishwa, kwa kuwa uchafu umezidi.

Mbuke aling'oa miwa ya pembeni, akapanda viazi vitamu. Edson alisimamisha gari kumwonya kwamba anapoteza ardhi nzuri.

Vilitoka viazi tu. Vumilia alivipasua kimoja kimoja kuhakikisha, kisha wakala.