Mbuzi wa Upatanisho

Suzanne aliingia katika ukumbi ule wa mji wa Baraka akiwa na jambo moja tu kichwani: artikle ya saba ifutwe. Jimbo lilikuwa linaandaa mpango wa kuwasaidia wanawake wanaopigwa nyumbani, na ofisi yake ilikuwa karibu kufunguliwa. Bwana Fabien alitumwa kutoka Bukavu, makao ya jimbo, kuja kuwasikiliza "wahanga wenyewe". Maneno matamu hayo. Lakini artikle ya saba, yaani kifungu cha saba cha mpango huo, ilisema kwamba kabla ofisi haijapokea mashtaka ya mwanamke, sharti apite kwanza kwenye baraza la ukoo wake.

Baraza la ukoo Suzanne alilijua. Mkubwa wa baraza hilo alikuwa Élie, mdogo wa marehemu baba yake, ambaye sasa alikaa mbele ya ukumbi kama mwakilishi wa wazee, kofia gotini. Kila Suzanne alipopigwa na mumewe Bertin akakimbilia kwao Lweba, Bertin alileta mbuzi wa upatanisho. Mbuzi akachinjwa, na aliyempika alikuwa Suzanne mwenyewe, jicho limevimba, kisha akawapakulia wazee. Wakishalamba vidole, Élie alisema, "Nyama ikisha kuliwa, maneno inaisha," na mwanamke akarudishwa kwa mumewe. Baada ya hapo kulifufua shauri ni mwiko, hata mlevi anauheshimu. Mara ya mwisho alirudi akavunjwa mkono. Sasa alikuwa amekimbia tena, na Jumapili baraza lingekaa. Hakuwa na mlango mwingine ila ofisi hiyo, na artikle ile ilikuwa inaufunga kabla haujafunguliwa.

Asubuhi nzima hawakumpa nafasi. Alipoinua mkono, Élie alimkatiza.

"Bamama baseme namna balipigwa. Mambo ya sheria, sisi tuko hapa."

Fabien alitikisa kichwa kukubali, kalamu mkononi. Machozi ndiyo aliyokuja kuyachota. Sumaya, aliyeng'olewa meno na mumewe mwenye mashua, alimtazama bila kupepesa.

"Meno yangu yenye ilivunjika munaitaka," alisema. "Ulimi yangu hamuitaki."

Wanaume wakacheka. Fabien naye akacheka kidogo, halafu akawapaka wanawake mafuta kwa mgongo wa chupa: bamama ni nguzo, bamama ni nguvu ya jamii, basi bamama wasaidie kidogo jikoni, chakula kisichelewe. Na wao, kwa mazoea tu, wakainuka wakaenda. Mazoea ni kitu kibaya sana.

Nyuma ya ukumbi masufuria yalikuwa yanachemka juu ya mbabula za makaa: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na nyama ya mbuzi. Suzanne alikuwa ameshika upawa aliposikia makofi ndani. Alichungulia dirishani. Mikono ya wanaume iliyoinuliwa kupiga kura ilikuwa inashuka. Artikle ya saba imepita.

Walialikwa kusikilizwa, na uamuzi ukafanywa wakiwa wanakoroga mchuzi. Alirudi, akavuta benchi, akajipakulia sahani.

"Muikale," aliwaambia wenzake. "Tukule."

"Hii ni ya bakubwa," mmoja alinong'ona.

"Ni ya kesi yetu."

Sumaya alikuwa wa kwanza kuzamisha mkono. Wakala kimya, wakala vizuri, hadi Fabien alipotokea mlangoni na Élie nyuma yake.

"Mama Suzanne, muingie. Tunasoma mpango ya mwisho. Bukavu hawawezi kuipokea kama ninyi hamuko ndani."

"Artikle ya saba itoke, tutaingia."

"Ile ilishapita, mama."

"Ninyi muliinua mikono. Sisi tunakula nyama. Uliza baba mudogo: mikono na nyama, gani iko na nguvu."

Élie akakunja uso. "Usinichezee. Hii haiko mbuzi ya ukoo. Ni mbuzi ya projet ya jimbo."

"Ililetwa juu ya bamama benye balipigwa, na sisi benyewe tuliipika," Suzanne alisema. "Ulishaonaka mbuzi ingine gani, baba mudogo?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzee akafungua kinywa kwa laana.

"Siku utakufa, ukoo haitakuzika."

"Mulikuwa munanizika muzima." Suzanne alijibu kwa chuki, wala si kwa woga. "Kila mbuzi, kidogo."

Fabien aliangalia viti vitupu ndani, akaangalia sufuria iliyokuwa inakwisha. Hakuwahurumia hata chembe. Aliwachukia, na walimwona. Lakini bila wao angerudi Bukavu mikono mitupu. Akatoa kalamu na karatasi za mpango, akaikata artikle ya saba kwa mstari mmoja mbele ya macho yao, akarudi ndani akibamiza mlango.

Katika sufuria lilibaki paja, fungu la Élie tangu zamani. Suzanne aliliweka kwenye sahani, akapiga goti kidogo, akamnyooshea mzee kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa.

"Karibu, baba mudogo. Ukule, maneno iishe."

Élie alijua vema kuliko wote kwamba akiionja tu nyama ile, amelifunga shauri la artikle ya saba kwa kinywa chake mwenyewe. Akameza mate, akavaa kofia, akaondoka kuelekea barabarani. Suzanne hakuwahi kumwona akitoka kwenye kesi yake na njaa.