Meno ya Shinpachi

Kichwa cha tisa ndicho nilichokipaka meno.

Vinane vya kwanza nilivifanya kama nilivyofundishwa: kuosha damu, kuchana nywele na kuzifunga upya, kupaka poda kidogo penye michubuko, kisha kuning'iniza kibao cha jina. Tulikuwa wanawake sita kwenye ghala la juu la ngome. Vichwa vililetwa kwa vikapu, vya wanaume wa ukoo wa Mizuhara waliouawa asubuhi ile kando ya mto, na bwana wetu alitaka kuvikagua kabla ya jua kuzama. Hakupenda kuangalia kitu kichafu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na chakula changu cha mchana nilikula palepale, katikati yao.

Bi Tatsu, mkubwa wetu, alikuwa na mdomo usiopumzika. "Karibu baba, karibu," aliviambia. "Utusamehe, maji ni ya baridi. Ungetuma salamu kwamba unakuja tungechemsha." Tulicheka. Naona aibu kusema, lakini tulicheka kweli, mpaka mbavu zikauma.

Ndipo baba yangu akapanda ngazi, kifurushi kimebanwa kwapani. Baba, Yahachi, alikuwa mbeba mikuki wa kawaida, miaka ishirini vitani na hajawahi kuleta hata kichwa kimoja. Wenzake walimtania kwamba mkuki wake ni mti wa kuanikia nguo. Siku hiyo alikuwa amepata.

"Osai mwanangu," akaninong'oneza, "mpake meno."

Nikaelewa hapo hapo. Kwa wanaume, meno meupe yalikuwa ya mtu wa kawaida. Wakubwa walipaka yao rangi nyeusi, na anayeleta kichwa cha mkubwa hupewa mashamba ya mpunga. Anayeleta cha mbeba mikuki mwenzake huambiwa ahsante, tena akiwa na bahati.

"Wakijua, baba?"

"Wakijua watakata changu. Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Nilichukua chungu cha rangi nyeusi, iliyotengenezwa kwa chuma chenye kutu kilicholowekwa kwenye siki. Harufu yake mpaka leo inanikaba. Nikafungua mdomo. Alikuwa kijana, amelala kama mtu aliyechoka na kazi za shamba, na jino lake la mbele, la kushoto, lilikuwa limekatika pembeni, mshazari. Unyoya wa kupakia ulinasa pale. Nikapaka mara ya kwanza, ikakauka, nikapaka ya pili na ya tatu. Bi Tatsu alichungulia juu ya bega langu, akaona. "Haya," akasema, "tumepata mheshimiwa." Akageuka kuendelea na kazi zake, na hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote.

Nilidhani litaishia hapo. Kumbe wakaguzi wa bwana wetu waliletewa mateka mmoja mzee wa ukoo ule awatajie majina ya wakubwa, na yule mzee, huku akitetemeka, alikitazama kichwa changu akasema: huyu ni Bwana Naonori, mwana wa mwisho wa Mizuhara. Labda alitaka kuwafurahisha. Labda alitaka kijana wao asiendelee kusakwa. Mtawa aliyetumwa na ukoo kuja kukichukua alikiangalia muda mrefu, mrefu mno, kisha akasema, "Ndiye." Akakitia kwenye sanduku la mbao nyeupe, akaenda kukizika hekaluni mlimani, penye jiwe na jina. Baba akapewa mashamba ya bondeni, yale yasiyokauka hata kiangazi.

Siku mbili baadaye alikuja mwanamke.

Vichwa vya watu wa kawaida vilikuwa vimepangwa nje ya lango, vikingoja kutupwa shimoni chini ya hekalu lile, na wenye watu wao waliruhusiwa kutazama. Nilitumwa nimsimamie. Aliitwa Ohisa, mke wa mkulima, hajafika miaka ishirini na mitano, vumbi mpaka magotini.

"Dada, samahani, namtafuta mume wangu. Shinpachi. Sura yake ya kawaida tu, hutamkumbuka. Ila jino la mbele limekatika." Akapangusa pua kwa mkono wa nguo, akacheka kidogo. "Kokwa la plamu. Nilimwambia, wewe mwanamume, kokwa halivunjwi kwa meno. Akasema ngoja nikuonyeshe."

Nikainama kuinua ndoo yangu.

"Tuangalie," nikasema.

Alifungua midomo yote kwa kidole gumba chake mwenyewe. Arobaini na mitatu. Kila mmoja alimwambia "samahani, kaka" kabla ya kumgusa, na mimi nilimfuata nyuma na ndoo ya maji ya kunawia, najua tangu cha kwanza kwamba hayumo. Alipomaliza alinyoosha mgongo.

"Ni hivi tu? Hakuna vingine?"

Ningeweza kusema. Ningeweza kunyoosha kidole mlimani. Nikaiona shingo ya baba, na lile kovu lake dogo la moto nyuma ya sikio.

"Ni hivi tu," nikasema. Laiti ningeishia hapo! Lakini uso wake ulinishinda, nikaongeza: "Labda alikimbia. Wengi walikimbia."

"Kweli?" Alinishika mikono yote miwili. "Kweli, dada? Shinpachi ana mbio huyo! Usimwone hivyo, ana mbio!"

Akafungua jani alilofungia plamu za chumvi, akanipa moja. Alisema alimletea mumewe, lakini mimi nimehangaika naye, nile. Niliila mbele yake. Nilitema kokwa mkononi, nikafumba kiganja, nikasimama hivyo mpaka alipopotea barabarani, anatembea haraka kama mtu anayewahi kupika.

Miaka ishirini na sita imepita. Niliolewa, nikaanza kupaka meno yangu mwenyewe kama wake za watu wote, na kila nikifungua chungu kile mkono wangu unakumbuka pale unyoya uliponasa. Nimekula wali wa mashamba yale, nikawalisha wanangu. Mwaka wa tano tangu siku ile, muuza chumvi alituambia kwamba kuna mwanamke aliyemngoja mumewe mpaka akachoka, sasa anafagia kule hekaluni, karibu na shimo la vichwa, maana kama hakukimbia basi huenda alitumbukizwa humo baada ya yeye kuondoka langoni. Nilimwongezea muuza chumvi chai. Sikwenda.

Nilijiambia baba yu hai. Ndiyo, alikuwa hai. Alinenepa, akaota kitambi, akaja kufa kitandani majira ya baridi yaliyopita. Ngome ilikwisha kuungua zamani na bwana wetu naye hayupo. Hapakuwa tena na shingo ya kuokoa. Basi juzi, msimu huu wa majani kuanguka, nilifunga plamu kwenye jani nikapanda mlima.

Alikuwa anafagia kaburi la Bwana Naonori. Nywele nyeupe, mgongo umepinda. Hakunitambua. Niliweka plamu zangu mbele ya jiwe.

"Plamu?" Alicheka. "Mama, umepotea kaburi. Hawa wakubwa hawali vitu vya sisi. Na huyu ndiye mwenye kiburi kuliko wote, tazama nyasi zake zinavyoota." Akaligonga jiwe kwa mpini wa ufagio. "Kila asubuhi namwambia: wewe mla watu, umelala na jiwe lako na jina lako, na mume wangu sijui hata kama yumo shimoni pale chini."

"Humwogopi?"

"Nimwogope nini? Mdomo wa kunijibu anao?"

Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinitoka kichwani.

"Lile jino," nikasema. "Lilikatika upande wa kushoto. Mshazari."

Ufagio ukasimama. Alinitazama usoni, polepole, kama anayemtafuta mtu mdogo ndani ya mtu mkubwa.

"Binti wa ndoo," akasema.

"Ndiye mimi."

"Sikukuambia upande."

"Hukuniambia."

Nikamweleza yote: baba, chungu, mzee mateka, sanduku la mbao nyeupe. Alisikiliza akiliangalia jiwe. Nilisubiri anipige, na kwa kweli nilitaka anipige. Ufagio ulimponyoka tu, ukaanguka njiani.

"Miaka ishirini na moja," akasema, na hakuwa akisema na mimi. "Miaka ishirini na moja namtukana."

Akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa vidole, jani moja moja. Nikainama niuokote ufagio, angalau hilo.

"Usiguse," akasema.